Kabla ya Kununua Motokaa Kuukuu, Nunua Daftari

Simama kando ya barabara yo yote kubwa ya Nairobi saa moja ya asubuhi, wakati watu waendapo kazini, ukaziangalie motokaa zipitazo. Hutangoja sana kabla ya kuiona Toyota Vitz, ile motokaa fupi yenye pua ya mviringo na magurudumu madogo. Ndani yake utamwona mwalimu, au mwuguzi, au karani, au mwenye duka, au mama apelekaye watoto shuleni. Kwa wengi wao hiyo ndiyo motokaa ya kwanza kuingia katika jamaa yao, nayo ilinunuliwa kwa akiba ya miaka mingi au kwa mkopo wa chama cha akiba.

Hapana aibu kutamani motokaa. Mtu aliyelowa mvua kituoni akiwa na mtoto mgonjwa mkononi hahitaji kuelezwa faida yake. Lakini wengi wetu, tukienda kununua, huuliza swali moja tu: "Bei gani?" Swali la pili, ambalo ndilo kubwa, hatuliulizi: "Itakula nini kila mwezi?" Makala haya yataka kulijibu swali hilo la pili, na tutaichukua Vitz kuwa mfano, kwa kuwa ndiyo ijulikanayo na wengi. Mwenye motokaa ndogo ya jina jingine ataona kuwa mengi ya maneno haya yamhusu yeye pia.

ILIVYOTUFIKIA

Vitz ilianza kuuzwa huko Japani mwaka 1999. Katika Ulaya iliitwa Yaris, na mwaka 2000 Yaris ilichaguliwa kuwa Motokaa ya Mwaka ya Ulaya. Vitz ya namna ya pili ilitoka mwaka 2005, na ya tatu mwishoni mwa mwaka 2010. Mwaka 2020 jina la Vitz likaachwa, na huko Japani kwenyewe motokaa iliyoifuata ikaitwa Yaris.

Watu wengine hushangaa kwa nini Wajapani huuza motokaa zingali nzima. Sababu moja ni sheria yao ya ukaguzi. Motokaa mpya ya mtu binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, na tangu hapo kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama. Mwenyewe akiona siku imekaribia, mara nyingi huona heri kuuza na kununua nyingine. Ndipo ile kuukuu hutiwa melini ikaja Mombasa.

Kanuni ya viwango ya Kenya hairuhusu kuingizwa kwa motokaa iliyopita miaka 8 tangu iandikishwe mara ya kwanza. Basi fikiri, msomaji. Vitz ya mwaka 2007 uionayo leo ikiuzwa haikutoka melini jana. Imekwisha kukaa nchini mwetu zaidi ya miaka 10, na huenda imepita mikononi mwa watu watatu au wanne. Muuzaji atakuambia, "Hii ni mali ya Japani." Ni kweli ilizaliwa Japani, lakini maradhi yake ni ya hapa petu: vumbi, mashimo, matuta na foleni.

INJINI YAKE

Vitz nyingi ndogo za tangu mwaka 2005 zina injini ya silinda 3 yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 996. Ni injini nyepesi, yenye kunywa petroli kidogo, nayo haina ule mkanda wa ndani ambao katika motokaa nyingine hupaswa kubadilishwa kwa wakati wake. Ina mnyororo wa chuma. Fundi akikudai fedha za kubadilisha mkanda wa ndani wa injini hii, jua kwamba ama haijui kazi ama akujaribu wewe.

Lakini mnyororo huo huoshwa na kulainishwa na oili, nayo injini hii huchukua oili kiasi cha lita 3 tu. Hapo ndipo penye hatari. Katika lori kubwa lita moja ikipungua si jambo kubwa. Katika Vitz lita moja ni thuluthi ya oili yote. Injini iliyochakaa huila oili polepole pasipo kudondosha hata tone chini, na mwenyewe hajui mpaka mnyororo uanze kugonga. Kwa hiyo chomoa kijiti cha kupimia oili kila juma, asubuhi, injini ikiwa baridi na gari likiwa mahali pa tambarare. Kazi hiyo haichukui hata dakika 2. Na oili yote ibadilishwe pamoja na chujio lake kila kilomita 5,000, kwa maana katika foleni injini huzunguka saa nzima ilhali kilomita zinazohesabiwa ni chache.

Tena injini ya silinda 3 kwa tabia yake hutetemeka kidogo ikiwa imesimama. Mtetemo mdogo si ugonjwa. Lakini ukiona usukani na viti vinatikisika gari liwapo katika gia na mguu wako ukiwa juu ya breki, yafaa kutazama mambo matatu: raba zishikazo injini, ambazo hupasuka kwa uzee, mlango wa hewa wa injini, ambao huingia masizi, na plagi pamoja na koili zake, kwa kuwa kila silinda ina koili yake. Taa ya injini ikiwaka na kuzima-zima, maana yake mara nyingi ni kwamba silinda moja haiwaki vema, na petroli isiyoungua yaenda kuharibu chombo kisafishacho moshi katika ekzosi. Plagi ni kitu cha bei ndogo. Chombo hicho si cha bei ndogo.

MAJI, NA JINSI NILIVYOFUNZWA

Ugonjwa wa maji nitausimulia kwa kirefu, kwa kuwa ulinipata mimi mwenyewe.

Nilinunua Vitz ya mwaka 2007 kwa akiba ya miaka sita. Miezi ya kwanza ilikuwa ya furaha. Kisha asubuhi moja nikaona doa la rangi ya waridi sakafuni chini ya motokaa. Fundi wa mtaani kwetu akainama, akamulika kwa tochi, akaniambia, "Mwalimu, pampu yako ya maji imeanza kulia machozi. Ibadilishe wakati ingali inalia; ikinyamaza utalia wewe." Nikamwuliza bei. Haikuwa kubwa. Nikamjibu kuwa nitarudi mwisho wa mwezi.

Mwisho wa mwezi ukaja na mambo yake, na wa pili hali kadhalika. Kila asubuhi nikawa natia maji ya bomba katika rejeta, nikajiona mwerevu. Sikujua kwamba nilikuwa nafanya makosa mawili kwa pamoja. Dawa ile ya rangi itiwayo katika maji ya injini si urembo: huzuia kutu, na huyafanya maji yakawie kuchemka. Nilipokuwa nikiongeza maji matupu kila siku, dawa ilizidi kupungua nguvu, na kutu ikapata nafasi.

Mwezi wa tatu tulikuwa tukirudi kutoka Naivasha, mimi na mama watoto, dada yangu na watoto wawili, na gunia la viazi nyuma. Tulipopita Mai Mahiu na kuanza kuupanda mlima kuelekea Limuru, taa nyekundu ikawaka mbele yangu. Hapa yafaa msomaji ajue jambo moja. Katika Vitz nyingi hakuna mshale wa kuonyesha joto linavyopanda. Kuna taa tu: ya buluu wakati injini ingali baridi, na nyekundu joto likisha kupita kiasi. Basi nyekundu si onyo la kukwambia ujitayarishe. Nyekundu ni amri ya kusimama.

Mimi sikusimama. Nilijiambia kwamba huenda taa imeharibika, na ya kwamba kilele ki karibu. Nikaendelea kwa muda wa dakika 5 hivi. Injini ikanguruma, ikapoteza nguvu, ikazimika. Mama watoto akanitazama asiseme neno.

Gari lilivutwa. Kile kichwa cha injini, ambacho mafundi hukiita hedi, kilikuwa kimepinda kwa joto, na gasketi yake imeungua. Fedha zilizolipa kazi ile zilikuwa karo ya mwanangu ya muhula wa pili. Mtoto alikaa nyumbani majuma mawili, wenzake wakisoma. Kila asubuhi alinisaidia kufungua lango, akasimama pale na daftari zake mpaka nipotee njiani. Hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Bei ya pampu niliyoikataa ilikuwa sehemu ndogo tu ya fedha zile.

Wazee wetu walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Nilikuwa nikiwafundisha watoto methali hiyo darasani kila mwaka.

Basi ushauri ni huu. Ukiona doa la maji yenye rangi, au ukoko mweupe au wa waridi kandokando ya pampu, badilisha pampu mara moja, wala usingoje mwisho wa mwezi. Tumia dawa iliyo sawa na ile iliyomo, si maji ya bomba. Taa nyekundu ikiwaka, simama mahali pa salama, zima injini, weka alama zako za pembe tatu barabarani, na ungoje. Wala usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto. Maji yale yaweza kukuchoma uso.

GIABOKSI ISIYO NA GIA

Vitz nyingi za tangu mwaka 2005 zina giaboksi ambayo mafundi huiita CVT. Ndani yake hakuna ngazi za gia ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kuna puli mbili zenye uwezo wa kujitanua na kujibana, na kati yake mkanda wa chuma uliotengenezwa kwa vipande vingi vidogo. Puli moja ikijibana nyingine ikitanuka, mwendo hubadilika taratibu bila kushtuka. Ni kazi nzuri ya akili, nayo husaidia kupunguza petroli. Lakini mkanda ule hushika puli kwa msaada wa oili ya aina yake peke yake. Ukitia oili ya giaboksi ya kawaida, au ukiiacha iliyomo mpaka igeuke nyeusi na kunuka kama kitu kilichoungua, mkanda huteleza na kuzikwaruza puli.

Dalili zake si za kujificha. Gari hutetemeka linapoanza kuondoka, kama mtu mwenye homa. Ama ukitia gia ya mbele hukawia kidogo kabla ya kushika. Ama injini hupiga kelele nyingi na mwendo usiongezeke. Au husikika mlio mwembamba kama wa inzi mkubwa. Dalili zikiwa ndogo bado, pengine kubadilisha oili kwatosha. Zikiwa kubwa, wengi hulazimika kununua giaboksi nyingine iliyotumika, ambayo nayo hujui imepitia nini. Kwa hiyo muuzaji akikuambia, "Oili ya giaboksi haibadilishwi maisha yote," mwulize ni maisha ya nani, ya giaboksi au ya mnunuzi.

MIGUU YAKE

Vitz ilitengenezwa kwa barabara laini za mjini. Hapa kwetu hupita matuta kumi kabla ya kufika dukani. Ndiyo maana sehemu zake zichakaazo mapema ni zile za chini: bushi za mikono ya magurudumu ya mbele, boljointi, vile vyuma vidogo viunganishavyo upau wa kuzuia kuyumba, shokomzoba na beringi za magurudumu.

Mlio wa "tok-tok" upitapo mashimo madogo mara nyingi ni wa vyuma hivyo vidogo au wa bushi. Mvumo uzidio kadiri mwendo uzidivyo huenda ni beringi. Gari likivuta upande mmoja na tairi kulika ukingo mmoja, yafaa magurudumu yanyoshwe kwa mashine. Katika haya yote boljointi ndiyo isiyovumilika. Bushi iliyokufa hukusumbua masikio, lakini boljointi iliyoachia hulifanya gurudumu lipinduke, na gari lisitawalike tena.

Habari njema ni kwamba vipuri vya Vitz vyapatikana kila mji, na Nairobi mtu akienda Kirinyaga Road atavikuta vya kila bei. Habari mbaya ni hiyo hiyo: vya kila bei. Kipuri cha bei ya ajabu chaweza kuwa cha bandia, kikadumu miezi 3. Kwa breki na boljointi usitafute cha rahisi. Na kabla ya kununua tairi, soma tarakimu 4 zilizoandikwa ubavuni mwake katika kifungo kidogo: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi yenye 1519 ilitengenezwa katika juma la 15 la mwaka 2019, hata kama yang'aa kama mpya.

MFUKO WA HEWA

Kuna jambo jingine ambalo wenye Vitz za miaka ile wapaswa kulijua. Mwezi wa Mei 2015 kampuni ya Toyota iliziita motokaa zipatazo milioni 5 duniani, Corolla na Vitz zikiwamo, zilizotengenezwa kati ya mwaka 2003 na 2007, kwa ajili ya mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata. Mfuko huo hufumuliwa na unga ulipukao uliomo katika kopo la chuma. Unga wa Takata huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na ukilipuka waweza kulipasua kopo lenyewe, vipande vya chuma vikamrukia dereva. Watu wamekufa katika nchi mbalimbali kwa sababu hiyo.

Motokaa iliyotoka Japani kabla ya kutengenezwa yaweza kuwa nacho kifaa kile mpaka leo, na hali ya joto na unyevu kama ya Mombasa si rafiki yake. Chukua namba ya chasisi, uende kwa wakala wa Toyota, uulize kama motokaa yako imo katika orodha. Kuuliza hakuna hasara.

HESABU YA MWEZI

Sasa tuje kwenye fedha. Bei zitajwazo hapa ni mfano wa hesabu tu. Wewe weka bei za mji wako na za siku usomapo. Tuseme mtu huenda kilomita 1,000 kwa mwezi, kazini na kwa safari ndogo za jamaa. Vitabu vya Japani hutaja zaidi ya kilomita 20 kwa lita moja, lakini hivyo havikuandikwa katika foleni ya Nairobi. Tuhesabu kilomita 12 na nusu kwa lita, na petroli shilingi 180.

Petroli, lita 80: shilingi 14,400.
Oili na chujio, shilingi 6,000 kila miezi 5: shilingi 1,200 kwa mwezi.
Tairi 4 za shilingi 28,000, zidumuzo miezi 40: shilingi 700 kwa mwezi.
Bima ya lazima, shilingi 6,000 kwa mwaka: shilingi 500 kwa mwezi.
Akiba ya matengenezo: shilingi 3,500 kwa mwezi.

Jumla ni shilingi 20,300 kwa mwezi, yaani shilingi 243,600 kwa mwaka. Kila kilomita yakugharimu shilingi 20 na senti 30. Mwenye kwenda kilomita 30 kwa siku, kwenda na kurudi, ametumia shilingi 609, hata kama siku ile alilipia petroli kidogo tu. Hatujataja bado ada ya kuegesha, wala mkopo, wala bima kubwa ilipayo hata motokaa yako wewe mwenyewe. Mtu na alinganishe jumla hiyo na nauli ya matatu, aamue kwa macho mawili. Wengine wataona kwamba motokaa yawafaa, hasa wakiwa watu wanne wa nyumba moja waendao upande mmoja. Wengine wataona heri kungoja mwaka mmoja zaidi. Hapana haya katika jibu lo lote la hayo mawili.

Lakini tazama jambo moja katika hesabu hiyo. Watu husoma "akiba ya matengenezo, shilingi 3,500" wakasema, "Hiyo nitaiacha, maana motokaa yangu haina kasoro." Haya, tuiache. Plagi zikichakaa, chujio la hewa likijaa vumbi, tairi zikipungua pumzi, breki zikikaza kidogo, motokaa ile ile yaweza kushuka mpaka kilomita 10 kwa lita. Sasa kilomita 1,000 zataka lita 100, yaani shilingi 18,000. Umeongeza shilingi 3,600 kwa mwezi katika petroli peke yake. Fedha uliyodhani umeiokoa umeilipa kituoni, na shilingi 100 zaidi, na motokaa ingali mbovu.

Wala bei ya petroli haisimami. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi. Mwezi wa Septemba 2023 bei mjini Nairobi ilipita shilingi 200 kwa lita. Aliyekuwa amepanga hesabu yake bila nafasi ya kupumua aliegesha motokaa nyumbani, akarudi kituoni kupanga foleni.

SIKU YA KUNUNUA

Ikiwa hesabu imekubali, nenda kanunue, lakini kwa utaratibu huu.

Nenda asubuhi, umwombe muuzaji asiwashe injini kabla hujafika. Injini iliyopashwa moto huficha mengi. Fungua boneti, tazama maji yakiwa baridi: yawe na rangi safi, yasiwe na kutu wala mafuta. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utando mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda, huenda maji na oili vimekutana ndani. Washa, usikilize mnyororo. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma, injini ikiisha kupata moto, ni maji.

Kisha endesha kwa nusu saa, si kuzunguka uwanja. Panda kilima, pita matuta, simama na kuondoka mara nyingi ili uijue giaboksi. Tia fundi wako mwenyewe ndani, si fundi wa muuzaji, na umlipe ujira wake hata kama hununui. Ujira huo si hasara.

Usiiamini saa ya kilomita kwa kuwa ni ndogo. Hati ya kutolea motokaa Japani huandikwa kilomita zilizosomwa katika ukaguzi, iombe uone. Kanyagio la breki lililolika raba na usukani uliong'aa kwa mikono havipatani na kilomita 60,000.

Mwisho, hakikisha kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani kwamba muuzaji ndiye mwenye motokaa, na ya kuwa haina deni la benki. Linganisha namba ya chasisi iliyo katika kitabu cha gari na ile iliyogongwa katika chuma. Kisha ihamishe kwa jina lako upesi. Sheria ya Trafiki yasema motokaa iliyobadilisha mwenyewe isitumiwe barabarani zaidi ya siku 14 kabla mwenyewe mpya hajaandikishwa. Wengi hulipuuza jambo hili, na siku ya ajali ndipo hutafutana.

DAFTARI

Tangu ile siku ya Mai Mahiu nina daftari katika motokaa, la bei ndogo, la kurasa 96. Kila nitiapo petroli naandika tarehe, kilomita, lita na fedha. Kila kipuri naandika siku kilipotiwa na bei yake. Kilomita kwa lita zikishuka majuma mawili mfululizo, najua kuna kitu, kabla taa yo yote haijawaka. Na tarehe 1 ya kila mwezi, kabla ya jambo jingine, naweka akiba ya motokaa mahali pake, mbali na karo. Fedha hizo mbili hazikutani tena.

Injini ile ile iliyoungua ingali yafanya kazi. Pampu imebadilishwa mara nyingine tangu wakati ule, siku ile ile nilipoona doa, na hesabu yake imo katika ukurasa mmoja na haikumgusa mtu. Mwanangu alimaliza shule. Sasa naye anaweka akiba anunue motokaa yake, na juma lililopita aliniuliza ni aina gani nimpendekezee. Nikampa daftari tupu, nikamwambia aandike kwanza, kwa miezi 3, fedha zote anazotumia kwa nauli na pahali zitokapo.

"Mali bila daftari hupotea bila habari." Motokaa kuukuu si adui wa mtu maskini. Ni mtumishi mwema, lakini ataka kulishwa kwa wakati na kutibiwa angali akikohoa. Asiyeweza kumlisha na asimwajiri bado. Awezaye na amlishe kwa hesabu, naye atamchukua yeye na watoto wake miaka mingi.